Mlio wa Tano

Bwana Ostrander alipotangaza kwamba watapiga mara tano, Nadine Rucker aliinua mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ni wanne, mwalimu."

"Wanne nini?"

"Wanaoaga leo. Wa mwaka wa nne wako wanne. Wiki nzima tumefanya mazoezi ya milio minne."

Mwalimu wa bendi alikuwa na pakiti ya bisi mkononi. Alitafuna, akameza, akajipangusa chumvi kwenye suruali. "Hata mimi nilijua hivyo mpaka asubuhi. Ofisi ya michezo imenipigia simu. Kuna mmoja wa mwaka wa tatu anatembea nao."

Bendi nzima ikageuka kumtazama Nadine. Wapiga ngoma waligeuka, wapiga zumari waligeuka, hata yule kijana wa tuba ambaye hugeuka kwa shida kwa sababu ya ukubwa wa chombo chake, naye aligeuka.

Pale Chuo cha Wexley hakuna asiyejua maana ya kutembea. Mechi ya mwisho ya nyumbani ya mpira wa kikapu ni ya kuaga. Kabla mpira haujarushwa, kila mchezaji anayeondoka hutoka mlangoni akiwa amemshika mama yake mkono, wakatembea mpaka duara la katikati huku bendi ikimpigia mlio wake, na watu wote husimama, wakulima na makofia yao, wazee waliokata tiketi za viti vilevile tangu ujanani. Wa mwaka wa nne hutembea kwa sababu masomo yamekwisha. Wa mwaka wa tatu hutembea kwa sababu moja tu: harudi. Amekwisha kuamua kwenda kucheza mpira wa kulipwa, na shule ataiacha njiani. Hakuna tangazo jingine. Kutembea ndiko kutangaza.

Na timu ilikuwa na wachezaji wawili tu wa mwaka wa tatu.

"Labda ni Hollis," alinong'ona Petra, aliyekaa kiti cha pili cha tarumbeta.

"Hollis hajatoa jasho tangu msimu uanze. Aende kucheza wapi, jikoni kwao?"

"Nilikuwa najaribu kukufariji, dada."

"Nimeona."

Nadine aliweka tarumbeta yake juu ya kiti, akajipenyeza katikati ya magoti ya watu, akashuka.

Alikuwa amepewa ahadi. Ndiyo iliyokuwa ikimpeleka mbio kwenye zile ngazi. Krismasi ilipopita, Quincy Purifoy, yule wa pili wa mwaka wa tatu, alimshika mikono yote miwili ndani ya bwalo la chakula, mbele ya watu, akamwambia kwamba atakaa. Watamaliza pamoja mwezi wa tano mwakani, watavaa majoho pamoja, kisha aende anakokwenda, Nadine akiwa mke wake. Nadine alimwamini kwa sababu Quincy si mtu wa maneno mengi. Tena alimwamini kwa sababu ya namna alivyomtazama. Kijana yule alikuwa na macho ya kutulia, macho ya mtu anayesikiliza kwa uso mzima, na yakitulia juu yako, unajiona umekuwa mtu wa maana.

Walikuwa wamejuana kwa ajali. Mwaka wa kwanza, Quincy aliufukuza mpira uliokuwa unatoka nje, akaruka, akaangukia kwenye viti vya bendi. Nadine alikuwa na nafasi ya kumdaka yeye au kuikwepesha tarumbeta. Aliikwepesha tarumbeta. Siku ya pili yake Quincy alimfuata maktabani na plasta kidevuni.

"Wewe ndiye uliyeokoa chuma ukaacha mtu aanguke."

"Chuma hakiponi chenyewe. Wewe umeshaanza kupona."

Alicheka mpaka msimamizi wa maktaba akawatoa nje, na huko nje, kwenye theluji, ndiko mambo yote yalikoanzia.

Baba yake Nadine, kinyozi katika mji wa Waterloo, hakuwahi kuyapenda mambo hayo. "Huyo kijana wako anaishi ndani ya begi," alikuwa akimwambia huku akinoa wembe. "Leo yuko hapa, kesho wanamwita Utah, keshokutwa Uturuki. Wewe utamwandikia kwa anwani gani?" Nadine alikuwa akimtetea Quincy mpaka machozi. Baba hamjui. Baba hajui alivyoahidi.

Ujia wa chini ya ukumbi ulinuka dawa ya kuchua misuli na makoti yaliyolowa. Karibu na mlango wa chumba cha wachezaji kulikuwa na benchi, na juu ya benchi alikaa mwanamke mrefu mwenye kofia ya zambarau ya kanisani, amepakata pai iliyofunikwa karatasi ya alumini. Nadine hakuhitaji kuambiwa. Lile paji la uso alikuwa amelibusu mara nyingi, kwenye uso mwingine.

Huyu ndiye Bi Loretta. Huyu ndiye mama ambaye, kwa maneno ya Quincy, alikuwa amechoka kungoja, anayempigia simu kila Jumapili kumwuliza ataacha lini daftari achukue kazi ya kweli. Kwa miezi mitatu Nadine alikuwa akigombana kichwani na mwanamke huyu ambaye hajawahi kumwona.

"Kwa hiyo ndiye wewe," alisema Bi Loretta.

"Ndimi, Bi Loretta."

"Nilidhani utakuwa mrefu." Alimtazama kuanzia kofia ya bendi mpaka viatu. "Nimesafiri kwa basi kutoka Memphis na pai hii mapajani. Ya viazi vitamu. Nusu nilimtengenezea mwanangu, nusu nilikutengenezea wewe. Njiani nikaanza kujiuliza kama unastahili."

Nadine alikuwa na maneno yake tayari, ameyanoa muda mrefu, lakini yule mama alitangulia.

"Niambie kitu kimoja, binti. Mwaka mmoja ungekupunguzia nini?"

"Mwaka gani?"

"Usinifanye mjinga. Mwaka wa shule. Mwaka mmoja amebakiza, mmoja, awe mtu wa kwanza kwetu kuwa na shahada. Nimepika kwenye jiko la shule tangu huyu hajazaliwa ili afike hapo. Nikamwambia, Quincy, mpira utakungoja. Akaniambia, Mama, Nadine anaona niende. Nadine anasema nafasi ikipita imepita." Aliigusa kofia yake kama mtu anayejizuia kuivua. "Nikajiuliza, huyu msichana ana haraka ya nini na mtoto wangu?"

Kwa mbali bendi ilianza kupasha midomo moto. Nadine aliusikia mlio wa Petra, ukiwa peke yake bila wa kwake.

"Mimi sijasema hivyo," alisema.

"Hujasema."

"Sijasema kamwe. Bi Loretta, mimi aliniambia ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Unayemsukuma aondoke. Alisema umechoka. Alisema kila ukipiga simu unamwuliza anaacha lini shule."

Yule mama alisogeza pai pembeni, akagonga benchi kwa kiganja, na Nadine akakaa.

"Mimi nikipiga simu," alisema Bi Loretta polepole, "namwuliza kama amekula."

Walikaa hivyo, bega kwa bega, wanawake wawili waliochukiana bila kuonana, kila mmoja akiangalia ukuta. Nadine alitaka kucheka na alitaka kulia. Sasa aliyaelewa mambo mengi. Alielewa kwa nini kila alipoomba kuzungumza na mama yake kwenye simu, Quincy alisema bado, mama amechoka, mama ana maneno makali. Kumbe alikuwa akiwatenga kama mtu anayetenga mafuta na moto.

"Nilikutaja kanisani," alisema Bi Loretta. "Na si kwa mema."

"Mimi nilikuita majina."

"Majina gani?"

"Siwezi kuyasema mbele yako."

"Basi tumelingana."

Mlango wa wachezaji ukafunguka. Quincy alitoka akiwa amevaa jezi nyeupe, mabega yake yakiujaza mlango, taulo shingoni, akiwa bado anamcheka mtu aliye ndani. Alipowaona wamekaa benchi moja, kicheko kilikatika. Nadine hakuwahi kumwona akiogopa. Alikuwa amemwona akikabiliwa na majitu yaliyomzidi kichwa kizima, na ukumbi mzima ukimzomea, bila kope kumcheza. Sasa alisimama pale kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama," alisema. "Mmeshajuana."

"Sasa hivi tu," alisema Bi Loretta. "Njoo hapa. Nani amesema uondoke?"

"Mama, tunaitwa. Watu wanangoja."

"Wangoje. Nimeuliza nani."

Quincy alimtazama mama yake, kisha akamtazama Nadine, na yale macho ya kutulia hayakupata pa kutua. Alishika ncha zote mbili za taulo.

"Mimi," alisema.

"Sema vizuri, huyu naye asikie."

"Ni mimi. Hakuna aliyenisukuma. Nataka kwenda."

Maneno hayo yalipotoka, sura yake ililegea, kama mtu aliyetua mzigo, na hilo ndilo lililomuuma Nadine kuliko yote. Aliuona uso aliokuwa akiupenda siku zote, ukiwa wazi sasa hivi, umechelewa.

"Nikikaa darasani nasikia mpira," Quincy alisema, haraka haraka, asije akakatizwa. "Profesa anaandika ubaoni, mimi nausikia ukidunda. Nawaona kwenye runinga watu niliocheza nao utotoni, watu niliokuwa nawafunga, Nadine, naijua mikono yao, najua wanapogeukia. Na mimi niko hapa nasoma habari za udongo wa Iowa. Mwakani naweza kuvunjika mguu. Mwakani naweza kuwa mzito. Nataka kujua kama naweza, na nataka kujua sasa."

"Si ungesema hivyo," alisema Nadine.

"Nilijaribu. Kila nikianza, ilisikika kama nawaacha."

"Na sasa inasikikaje?"

Aliinamisha kichwa. "Vilevile."

Kutoka juu ilisikika sauti ya mtangazaji ikiwakaribisha watu, na makofi yakiteremka kuta kama mvua ya mawe. Quincy alipiga hatua moja kumwendea Nadine. Alinukia sabuni na ile dawa ya misuli, harufu ambayo Nadine alikuwa akiibeba kwenye skafu yake siku nzima bila kutaka kuifua. Nadine aliinuka, akarudi nyuma.

"Bado unaweza kubadili," alisema, na alijichukia kwa jinsi sauti yake ilivyoomba. "Si lazima utembee. Mwambie kocha."

"Nimeshasaini na wakala wa wachezaji."

"Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne tulikula pamoja."

"Ndiyo."

"Uliacha chakula chote. Nikakuuliza kama unaumwa. Nikakushika paji la uso, Quincy, mbele ya watu, kama mtoto. Ukaniambia ni uchovu wa mazoezi."

"Ndiyo."

"Acha kuniambia ndiyo."

Bi Loretta alikuwa amesimama pia, lakini hakuingilia. Alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, na kwenye uso wake kulikuwa na kitu kilichokaribia huruma, ingawa haikujulikana anamhurumia nani.

"Unajua ningefanya nini?" alisema Nadine. "Ungekuja ukaniambia, Nadine, nataka kwenda, siwezi kungoja, ningelia. Ningekununia wiki nzima. Halafu ningekuja kukukunjia nguo, kwa sababu wewe hujui kukunja. Baba yangu angesema nilikwambia, nami ningemjibu hapana baba, aliniambia mwenyewe, alinitazama machoni. Umeninyima hata neno la kumjibu baba yangu. Na umenifanya nimchukie mama huyu, aliyenibebea pai."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukaona bora nimpoteze yeye kwanza, kabla hata sijampata."

Msichana wa ofisi ya michezo alikuja akikimbia, amevaa fulana ya chuo, ameshika kiboksi chenye maua mawili meupe ya kubandika kifuani. Alikuwa na tabasamu lililofanyiwa mazoezi tangu asubuhi.

"Hili la mama," alisema, akaanza kulibandika kwenye koti la Bi Loretta. "Na hili la mchumba. Quincy alisema mchumba atakuwepo. Wewe si Nadine? Utatembea na hizo nguo za bendi? Haidhuru, itapendeza kwenye picha."

Nadine alilitazama lile ua. Kwa hiyo alikuwa amepangiwa hata ua. Jumanne, au siku nyingine ya wiki hiyo, huku akimwambia hajambo, Quincy alikwenda ofisini akaagiza ua la mtu ambaye hajaulizwa.

"Nilitaka kukushtukiza kwa furaha," Quincy alisema chini kwa chini. "Nilidhani ukiwa pale katikati, watu wamesimama, mama yuko upande huu, wewe upande huu... nilidhani ungeona. Ungeelewa."

"Ulidhani mbele ya watu nisingeweza kukataa."

Yule msichana wa maua aliona hewa imechafuka, akajifanya anakagua kiatu chake.

"Twende, Nadine," alisema Quincy. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akaukunja kiwiko, tayari kwa kushikwa. Mkono ule. Nadine alijua uzito wake ukiwa juu ya mabega yake kwenye baridi, alijua ulivyokuwa ukimwongoza barabarani wakati barafu inateleza. Vidole vyake vyenyewe vilitaka kwenda. "Tafadhali. Ukibaki kwenye bendi, watu watasema tumeachana."

"Na nikitembea na wewe, watasema nilijua."

"Si kitu kikubwa."

"Kwangu ni kikubwa. Baba yangu anatazama kwenye runinga, duka lake zima la kunyolea linatazama. Siwezi kwenda pale katikati nikawadanganya wote kwa niaba yako. Umeshatusingizia sisi wawili, mimi na mama yako, na wote wawili tumechoka."

Bi Loretta alirekebisha ua lake kifuani. Kisha akanyoosha bega la jezi ya mwanawe, ingawa lilikuwa limenyooka.

"Mimi nitatembea naye," alimwambia Nadine. "Nimemzaa, sina hiari. Wewe unayo." Akamgeukia Quincy. "Na wewe, usiniangalie kwa uso wa msiba. Umesema unataka kwenda. Basi tembea kama mtu anayekwenda. Mengine nitakuambia nyumbani, na hutayapenda."

Walipokuwa wanaelekea mlangoni Quincy aligeuka.

"Tumeachana?"

Nadine aliitafuta hasira yake ili imjibie, akakuta haitoshi. Chini yake kulikuwa na mapenzi yote, hayajapungua hata kidogo, na hayakumsaidia.

"Sijui," alisema. "Niulize siku ambayo huna mtu wa kumsingizia jibu."

Alipanda ngazi. Taa za ukumbi zilikuwa zimezimwa, umebaki mwanga mmoja mweupe juu ya mlango wa wachezaji. Petra alimpa tarumbeta bila kusema neno, akasogeza goti ili apite. Bwana Ostrander alimtazama kwa jicho la kuuliza, naye akaitikia kwa kichwa kwamba anaweza.

Wa kwanza alitembea na mama na baba. Wa pili alitembea na bibi yake kwenye kiti cha magurudumu, na ukumbi ukalia kwa pamoja. Wa tatu, wa nne. Kila mmoja walimpigia mlio wake, mfupi, wa kupanda, na kila mara Nadine alimaliza safi pamoja na wenzake. Midomo yake ilikuwa inamwuma.

Kisha mtangazaji akavuta pumzi kwenye kipaza sauti, akalitaja jina la Quincy Purifoy, wa mwaka wa tatu, kutoka Memphis.

Kwanza palikuwa kimya. Ukumbi mzima ulikuwa unaelewa kwa pamoja. Mtu mmoja juu kabisa alisema "Hapana bwana," kwa sauti ya kawaida, na alisikika kila mahali. Halafu wakasimama. Hawakumzomea. Walipiga makofi kama watu wanaompigia makofi mgeni anayeondoka na kitu chao.

Alitokea kwenye mwanga akiwa amemshika mama yake upande wa kulia. Kofia ya zambarau ilikuwa imenyooka kama bendera. Mkono wa kushoto Quincy alikuwa ameukunja vilevile, kiwiko nje, kana kwamba kuna mtu ameushika. Hakuna aliyekuwa ameushika. Alitembea nao hivyo, wazi, mbele ya watu wote na mbele ya runinga, bila kuuficha, bila kuushusha, na minong'ono ikaanza kupita safu kwa safu, kwa sababu hata mtoto angeona pengo lile lina mwenyewe.

Bwana Ostrander akashusha fimbo. Wakapiga.

Nadine hakuwa na maneno ya kumwambia tena. Alikuwa na pumzi, akaitoa yote. Alipiga mlio ule kama ulivyoandikwa, ukapanda ulipotakiwa kupanda, na mwalimu alipofunga mkono kuukata, wenzake wakakatika, ngoma zikanyamaza, yeye akabaki. Aliishikilia ile sauti ya mwisho peke yake juu ya vichwa vya watu. Quincy aliisikia. Nadine alimwona akipunguza mwendo, lakini hakugeuza kichwa upande wa bendi. Alijua ni nani. Aliendelea kutembea juu ya ile pumzi mpaka alipokanyaga duara, na hapo tu Nadine akaitoa tarumbeta midomoni.

Taa ziliwaka. Watu walikaa. Petra alikuwa anatazama mbele, ameshika chombo chake kwa mikono miwili.

"Umepitiliza," alisema.

"Najua," alisema Nadine.